Mashine ya kukatia majani kwa ua mdogo: pima kwanza, nunua baadaye

Masika yakianza tu, simu yangu haitulii. "Fundi, majani yamenishinda, ninunue mashine gani?" Anayeuliza mara nyingi amehamia kwake mwaka jana, kapanda ukoka au paspalamu mbele ya nyumba, kijana wa fyekeo aliyekuwa akija kila baada ya wiki mbili hapatikani tena, na sasa kasimama Kariakoo mbele ya mashine tatu huku muuzaji akimwambia zote ni nzuri. Swali ni lile lile kila mwaka, na jibu langu ni lile lile: niambie kwanza una majani gani, na ni mangapi. Wengi hawajui. Kwa hiyo nimeyaandika yote hapa kwa mpangilio, uyafuate ukiwa nyumbani kabla hujatoa hela mfukoni.

Ua mdogo ninaouzungumzia ni huu wa viwanja vyetu vya 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Toa nyumba, toa pevingi za gari, toa tenki la maji, chemba na banda la kuku. Majani yanayobaki huwa kati ya mita za mraba 60 na 150. Ukiwa na nusu eka, mahitaji yako ni mengine na mengi ya hapa hayatakufaa.

Viandae hivi kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia. Ukikosa, tumia hatua zako: hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75.
- Rula ya mwanafunzi ya sentimita 30.
- Karatasi na kalamu.
- Simu, ya kupigia picha majani kwa karibu na kibandiko cha mashine utakayoiona dukani.
- Kipande cha gazeti. Utaona kazi yake mbele.
- Siku moja ya kupima na siku nyingine ya kununua. Usifanye yote siku moja. Ukitoka kupima na joto la kununua, utanunua ya kwanza kuiona.

Hatua ya 1: Pima majani, usipime kiwanja

Gawa ua wako vipande vya mstatili na upime kila kimoja peke yake. Tuseme mbele ni mita 7 kwa 9, yaani 63. Ubavuni ni mita 2 kwa 11, yaani 22. Nyuma ni mita 4 kwa 8, yaani 32. Jumla ni mita za mraba 117.

Sasa tazama hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayowaokoa watu wengi. Mashine ndogo yenye upana wa kukata wa sentimita 32, ukiacha mistari ipandane kidogo, inakata kama sentimita 25 kila unapopita. Mita za mraba 117 ukizigawa kwa 0.25 unapata mita 468 za kutembea. Mtu akitembea taratibu anakwenda mita 50 kwa dakika. Maana yake ni dakika tisa au kumi za kutembea. Ongeza kugeuka, kumwaga kikapu na kuzunguka miti, na bado nusu saa haiishi. Mashine kubwa ya sentimita 51 ingekuokolea dakika chache tu, nawe ungeilipia kwa uzito, kelele na nafasi ya kuihifadhi.

Ukishapata eneo, pima na njia. Pima upana wa geti dogo, upana wa kichochoro kati ya nyumba na ukuta, na ngazi zozote utakazopanda nayo. Mashine ya kwanza niliyoinunua kwa hela yangu ilikuwa ya petroli, ya sentimita 51, uzito wake zaidi ya kilo 30. Mbele ya nyumba ilifanya kazi vizuri mno. Lakini kwenda nyuma kulikuwa na ngazi tatu na kona yenye mtungi wa gesi, ikabidi tuibebe watu wawili kila mara. Kufikia mwezi wa tatu tangu niinunue, nyuma kukawa kunakatwa kwa fyekeo kama zamani. Tepu ingeniambia hayo bure.

Hatua ya 2: Jua una majani gani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu aina ya majani ndiyo inayochagua aina ya kisu.

*Ukoka* una majani membamba, mafupi, na unatambaa chini kwa vishina vigumu. Unapenda jua kali na unavumilia kiangazi. Hupendeza ukikatwa sentimita 2 hadi 4.

*Paspalamu* ya pwani inafanana na ukoka kwa mbali, lakini ni laini zaidi na inang'aa. Inavumilia maji ya chumvi, ndiyo maana utaikuta sana nyumba za karibu na bahari na zenye visima vya maji chumvi. Ikate sentimita 3 hadi 5.

*Nyasi za Pemba* zina majani mapana, yenye ncha butu, na mashina manene yanayotambaa. Zinavumilia kivuli kuliko ukoka, kwa hiyo watu huzipanda chini ya mwembe. Hizi zinataka kuachwa ndefu, sentimita 5 hadi 7. Ukizinyoa chini zinabaki mashina matupu ya kahawia na zinachukua wiki nyingi kurudi.

*Nyasi za Kikuyu* ni za nyanda za juu: Arusha, Lushoto, Nairobi na kwingine penye ubaridi. Zikipata maji hukua kwa kasi na kufanya godoro nene chini ya majani. Zikate sentimita 3 hadi 5, na ujue zinataka mashine yenye nguvu kidogo.

*Zoisia*, ile laini kama zulia ukiikanyaga pekupeku, inakua polepole lakini jani lake ni gumu na linamaliza makali ya kisu upesi. Sentimita 2.5 hadi 5 zinaitosha.

Kama ua wako una mchanganyiko wa kila kitu kilichojiotea, usione haya. Fuata lile lililo jingi zaidi.

Chukua rula, isimamishe kwenye majani siku mbili baada ya kukatwa, andika urefu. Subiri siku saba, pima tena. Wakati wa masika utashangaa; kiangazi unaweza kukuta tofauti ndogo sana. Namba hiyo inakuambia utakata mara ngapi. Kanuni ni moja: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Ukitaka majani yakae sentimita 4, yakate yanapofika 6. Usingoje yafike 12.

Hatua ya 3: Kagua ardhi yenyewe

Tembea ua mzima pekupeku au na ndala nyepesi, taratibu. Unatafuta mawe, vipande vya matumbawe vinavyopanda juu baada ya mvua, mizizi ya mwembe, misumari iliyoachwa na mafundi, pembe za chemba, bomba la maji lililofukiwa nusu. Weka alama kwenye karatasi yako. Ua wenye mawe mengi usinunulie mashine ya silinda (ile ya kusukuma kwa mkono, nitaieleza hatua ya 4) mpaka uyaokote, kwa sababu jiwe moja la ukubwa wa harage linatosha kuipinda.

Angalia mteremko pia. Mteremko ambao ukiweka mpira wa mtoto unabingirika wenyewe si tatizo. Mteremko ambao wewe mwenyewe unashikilia kitu ili ushuke, huo usipelekee mashine ya magurudumu. Panda kitu kingine hapo.

Hatua ya 4: Chagua aina

Kwa ua mdogo, aina ni tano. Nitazieleza kwa mpangilio ninaozipendekeza mimi.

Ya kusukuma kwa mkono. Haina injini wala umeme. Ina silinda yenye visu vitano au zaidi vilivyojipinda, vinavyozunguka magurudumu yanapozunguka, na kupita juu ya ubapa wa chuma uliotulia. Jani linakatwa katikati yao kama kwa mkasi. Mkato wake ni safi kuliko wa mashine nyingine yoyote hapa. Ni nyepesi, unaitundika ukutani, na unaweza kukata saa kumi na mbili asubuhi bila kumwamsha jirani. Mwenye ukoka, paspalamu au zoisia isiyozidi mita za mraba 100, na yuko tayari kukata kila wiki wakati wa mvua, namwambia anunue hii na asitazame nyuma.

Lakini ina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayosahaulika. Majani yakizidi sentimita 8 hivi haiyakati, inayalaza chini na kupita juu yake. Kijiti kimoja kinaisimamisha. Nyingi hazipandi juu ya sentimita 4 au 5, kwa hiyo hazifai kwa nyasi za Pemba. Na ukisafiri mwezi mzima wakati wa masika, utarudi uanze na fyekeo kwanza.

Ya umeme wa waya. Kisu chake ni kimoja, kinazunguka kwa ubapa chini ya kifuniko. Nguvu huwa kati ya wati 1,000 na 1,800, upana wa sentimita 30 hadi 38. Kwa ua mdogo wenye soketi karibu, hii ndiyo inayokubali makosa mengi: inakata nyasi za Pemba, inakata Kikuyu, inakata mchanganyiko, na ukichelewa wiki moja bado inakuvumilia. Matumizi yake hayatishi. Ya wati 1,200 ikifanya kazi nusu saa inakula yuniti 0.6 za umeme. Tatizo lake ni waya, nitalieleza kwenye hatua ya 5, na siku umeme ukikatika nawe unasimama.

Ya betri. Inakupa karibu yote ya ile ya waya, bila waya. Kitu cha kutazama si namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Chukua volti, zidisha kwa ampea-saa (Ah), upate wati-saa. Betri ya volti 36 yenye Ah 4 ni wati-saa 144, na hiyo kwa kawaida inakata dakika 20 hadi 30 kwenye majani makavu ya wastani. Ya volti 18 yenye Ah 2 ni wati-saa 36 tu. Itakuacha katikati ya ua. Na ukiona moja imeandikwa 18V na nyingine 20V, usidhani ya pili ina nguvu zaidi. Mara nyingi ni seli tano zile zile: moja imepimwa ikiwa inafanya kazi, nyingine ikiwa imetoka kwenye chaja. Betri ndiyo sehemu ya bei kali na ndiyo inayochakaa, kwa hiyo muulize muuzaji kama anaiuza peke yake. Asipokuwa nayo dukani siku hiyo, fikiri tena.

Ya petroli, injini ya mipigo minne. Ina nguvu, haijali mgao wa umeme. Kwa ua wa mita za mraba 100 ni nyingi mno. Inunue kama majani yako ni Kikuyu nene, kama hakuna soketi karibu, au kama unakata pia kwa ndugu na majirani. Ukiinunua, chagua ndogo ya sentimita 40 hadi 46.

Ya kuvaa begani, yenye uzi au kisu. Watu wengi huanza na hii kwa kuwa wamemwona kijana akifyekea barabarani. Ni ya kufyeka. Kuweka urefu mmoja sawasawa ua mzima kwa mashine hii kunataka mkono uliozoea kwa miaka, na uzi wake unachuna magome ya miti michanga hadi inakufa. Ninayo, naipenda, na naitumia kwenye kingo, kandokando ya ukuta na kwenye mitaro. Si mashine ya kwanza ya kununua.

Hatua ya 5: Ukichagua ya waya, nunua na waya yake siku hiyo hiyo

Usitumie ekstensheni ya televisheni. Waya yake ni nyembamba, inapata joto, na mashine inapokea umeme pungufu. Tafuta ekstensheni ya nje yenye waya ya milimita za mraba 1.5, plagi ya ampea 13, ndefu ya kutosha kufika kona ya mwisho ya ua pamoja na mita chache za ziada. Ikiwa ni ya kuviringisha, ifungue yote kabla ya kuwasha, hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu iliyobaki imejiviringisha inachemka.

Mwulize fundi wako wa umeme kama soketi unayotaka kutumia ina kinga ya umeme unaovuja, ile ya miliampea 30 wanayoiita RCD. Kama haipo, mwambie aiweke kwanza. Waya iko chini, kisu kiko chini, na majani yanaficha. Siku kisu kikikutana na waya, kinga hiyo ndiyo inayokata umeme kabla haujafika kwako.

Namna ya kukata: anza upande wa karibu na soketi, ukienda mbali nayo mstari kwa mstari. Waya ibaki daima upande uliokwisha kukatwa, na ipitishe begani mwako.

Hatua ya 6: Soma kibandiko, hasa kwa mtumba

Mashine za mtumba zipo nyingi na baadhi ni nzuri sana. Lakini umeme wetu Tanzania ni volti 230. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120. Mashine ya Japani ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa itanguruma kwa kasi ya ajabu, utasikia harufu ya plastiki, na mota imekwenda. Nimeona mtu akiunguza namna hiyo ndani ya sekunde chache, mashine haijagusa hata jani. Geuza mashine, tafuta kibandiko, piga picha. Unataka kuona 220, 230 au 240. Fanya hivyo hivyo kwa chaja ya mashine ya betri. Plagi yenye pini mbili bapa ni dalili ya kukufanya uchunguze mara mbili.

Hatua ya 7: Ijaribu dukani

Shika mpini ukiwa umesimama wima. Ukilazimika kuinama, mgongo utakuuma kabla hujamaliza ubavu wa nyumba. Iinue kwa mkono mmoja au miwili, kwa namna utakavyoibeba nyumbani. Badilisha urefu wa kukata. Mashine nzuri inabadilika kwa lever moja. Nyingine zinataka ufungue kila gurudumu, na mwenye mashine hizo nimeona huishia kuacha urefu mmoja mwaka mzima. Hakikisha urefu ulioandika kwenye hatua ya 2 umo.

Ikiwa ni ya silinda, sasa toa kile kipande cha gazeti. Ingiza ukingo wake kati ya kisu na ubapa, kisha zungusha silinda polepole kwa mkono, vidole vikiwa mbali. Gazeti likatike safi kama limekatwa na mkasi, na lifanye hivyo kushoto, katikati na kulia. Likikunjika badala ya kukatika, kuna upande haujakaa sawa. Mara nyingi skrubu za pembeni zinaurekebisha, lakini mwambie muuzaji aurekebishe mbele yako.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, Mombasa, Unguja, gonga kifuniko kwa kidole. Chuma cha kawaida kinaliwa na chumvi pamoja na majani mabichi yanayoganda chini yake. Plastiki nzito au alumini vitakaa zaidi.

Mwisho uliza vitu vitatu kwa majina: kisu, plagi ya injini au betri, na kamba ya kuwashia. Usikubali jibu la "vinapatikana". Omba uvione.

Hatua ya 8: Kukata kwa mara ya kwanza

Kwa mwenye petroli, soma aya hii mara mbili. Mashine mpya ya mipigo minne husafirishwa bila oili ndani. Mama mmoja aliniita mwanawe alipokuwa ametoka kuiwasha. Kamba ilivutwa mara tatu, injini ikanguruma vizuri, wakakata mistari kadhaa, ikabadilika sauti, ikawa kama inasaga mchanga, ikazima. "Fundi, ni mpya kabisa, boksi hili hapa." Nikafungua kijiti cha oili, nikakifuta kwenye kiganja. Kikavu kama njiti ya kiberiti. Kijitabu kilikuwa ndani ya boksi, bado kimefungwa kwenye nailoni. Injini ile haikupona.

Kwa hiyo weka oili kwanza, aina iliyoandikwa kwenye kijitabu, mara nyingi SAE 30 au 10W-30. Nyingi hula kati ya nusu lita na mililita 600. Mimina kidogo kidogo, ukipima kwa kijiti, isizidi alama ya juu. Ibadilishe baada ya saa tano za kwanza za kazi. Petroli nunua ya kutosha wiki chache tu. Ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika na kuziba kabureta. Usichanganye petroli hiyo na oili: mchanganyiko ni wa injini za mipigo miwili, kama nyingi za zile za kuvaa begani.

Kwa mashine zote:

1. Subiri umande ukauke. Majani mabichi yanaganda, yanaziba, yanateleza.
2. Pita ua mzima ukiokota. Usisahau maembe yaliyodondoka na midoli ya watoto.
3. Vaa viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu na miwani. Ndala hapana, hata kwa dakika mbili.
4. Watoto na wanyama waingie ndani. Kisu kinaweza kurusha jiwe mbali kuliko unavyodhani.
5. Anza na urefu wa juu kabisa wa mashine, kata yote, tazama. Kisha shusha.
6. Majani yakiwa yamezidi, kata leo kwa urefu wa juu, rudi baada ya siku tatu au nne ushushe.
7. Kwenye mteremko kata kwa ubavu, usipande na kushuka.
8. Kabla ya kuingiza mkono chini kwa sababu yoyote, chomoa waya, au toa betri, au vua waya wa plagi ya injini. Kuzima swichi hakutoshi.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kununua kwa kufuata nguvu ya injini badala ya aina ya majani ni kosa la kwanza kwa wingi. La pili ni kunyoa chini sana ili "nisikate tena mapema". Majani yaliyonyolewa yanaacha udongo wazi, jua linaupiga, magugu yanaota, na baada ya mwezi unakata magugu. La tatu ni kuosha mashine kwa mpira wa maji ikiwa bado ya moto, au kuielekezea maji kwenye mota. Kwangua chini yake kwa kijiti, piga brashi kavu, pangusa kisu kwa kitambaa chenye oili kidogo. Na betri usiiache kwenye stoo ya bati mchana kutwa. Joto la huko linaimaliza. Iweke ndani ya nyumba, ikiwa imejaa nusu kama hutaitumia kwa wiki kadhaa.

Ikikusumbua

*Ncha za majani zimekuwa nyeupe au kahawia siku mbili baada ya kukata.* Kisu kimeisha makali, kinachana badala ya kukata. Kitoe, kinoe kwa tupa ukifuata pembe yake ya awali, kisha kitundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, ndio mzito. Punguza hapo mpaka kitulie sawa.

*Inatetemeka ghafla.* Zima papo hapo. Kisu kimepinda, kimelegea au kimegonga kitu. Kisu kilichopinda usikinyooshe kwa nyundo, badilisha.

*Ya petroli haiwaki.* Angalia kwa mpangilio huu: umeshika ule mkono wa usalama kwenye mpini? Petroli ni ya lini? Waya wa plagi umekaa? Plagi ni nyeusi au imelowa? Filta ya hewa imejaa vumbi? Mara nyingi jibu liko kwenye swali la pili.

*Inatoa moshi mweupe mwingi.* Uliilaza upande usio sahihi wakati wa kusafisha, oili ikaingia mahali pasipo pake. Unapoiinamisha, filta ya hewa na plagi viwe juu daima. Iache itulie wima, iwashe, mara nyingi moshi utaisha wenyewe baada ya dakika chache. Usipoisha, pima oili, huenda imezidi.

*Ya umeme inazima katikati ya kazi.* Gusa ekstensheni. Ikiwa ya moto, ni nyembamba au haijafunguliwa yote. Ikiwa baridi, majani ni marefu au mabichi kupita uwezo wake na kinga ya joto ya mota imejikata. Pandisha urefu, ingoje ipoe. Ikiwa kinachoruka ni RCD, usilazimishe kuwasha tena. Chomoa kila kitu na ukague waya yote kwa macho, sentimita kwa sentimita.

*Betri inaisha baada ya dakika kumi.* Noa kisu kwanza kabla ya kulaumu betri.

*Ya silinda inakata upande mmoja tu.* Rudia jaribio la gazeti. Kaza skrubu ya upande usiokata kwa robo ya mzunguko, jaribu tena, robo nyingine, jaribu tena. Ukisikia inakwaruza kwa nguvu na silinda haizunguki kwa wepesi, umezidisha. Rudisha nyuma kidogo. Mlio unaoutaka ni mnong'ono wa chuma usiokatika, sawa kutoka kisu cha kwanza hadi cha mwisho.

*Mabaka ya njano yanatokea mahali pale pale kila unapokata.* Hapo si mashine, ni ardhi. Pana kinundu, na kisu kinapita karibu mno na udongo. Kata tabaka la majani kwa koleo mithili ya kufungua kifuniko, toa udongo wa viganja viwili vitatu, rudisha majani yake, kanyaga, mwagilia. Yape wiki tatu kabla hujapita tena na mashine.